Sikio na Karatasi: Wapiga Ala wa Shimoni na Suala la Kusoma Nota, New York 1912–1930

Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi simulizi, neno "kusoma" hutumiwa aghalabu kama mpaka. Upande mmoja wa mpaka huo huwekwa jamii zenye maandishi. Upande wa pili huwekwa zile zinazotegemea sikio na kumbukumbu. Mpaka wenyewe umeshambuliwa mara nyingi, lakini haujafutika katika fikra za wahakiki wala za wanafunzi wao. Makala haya yanakusudia kuuchunguza mahali ambapo si kawaida kuutafuta: katika shimo la okestra, yaani ile sehemu iliyo chini, mbele ya jukwaa la ukumbi wa maonyesho, ambamo wapiga ala huketi wakiwasindikiza waimbaji, wachezaji na waigizaji.

Shimo la okestra linafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu moja kubwa. Hapo ndipo karatasi na utendaji hukutana kila usiku. Maneno ya waigizaji yameandikwa, lakini hadhira haiyaoni maandishi. Muziki nao umeandikwa kwa nota, na mpiga ala huruhusiwa kuiweka karatasi yake mbele ya macho ya watu. Katika mazingira hayo, mtu asiyejua kusoma nota huonekana kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo, historia ya maonyesho ya muziki mjini New York inaonyesha kwamba watu wa namna hiyo walikuwapo, na kwamba habari zao si sahili kama zinavyosimuliwa.

Hoja yetu ni kwamba "kutojua kusoma" shimoni hakukuwa suala la ujuzi peke yake. Kulikuwa pia ni hukumu iliyotolewa na msikilizaji juu ya mpiga ala. Walikuwapo wasiojua kweli. Walikuwapo waliojua wakalazimika kujifanya hawajui. Walikuwapo pia wasiojua ambao kutojua kwao hakukuwagharimu chochote. Kilichowatenganisha watu hawa hakikuwa sikio. Kilikuwa karatasi: nani aliyeiandika, nani aliyeificha, na nani aliyeimiliki.

Kazi ya shimoni

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa tueleze karatasi ya nota hufanya kazi gani shimoni. Onyesho moja la muziki huweza kuwa na nyimbo kumi na tano au ishirini, mbali na muziki wa ufunguzi, wa kuchezea ngoma, na ule unaopigwa polepole chini ya mazungumzo. Mambo hayo hayatulii. Mwimbaji akipatwa na mafua, wimbo hushushwa sauti. Kichekesho kisipochekesha, hukatwa pamoja na muziki wake. Mwimbaji mpya akichukua nafasi ya yule wa zamani, huja na koo lake na mwendo wake. Karatasi huyarahisisha mabadiliko haya. Kiongozi huamrisha mistari fulani irukwe, na wote hufuata bila ya kujifunza upya.

Asiyesoma huyakabili mambo hayo kwa njia nyingine. Hulazimika kulihifadhi onyesho zima moyoni, pamoja na vituo vyake. Na vituo ndivyo vigumu, kwa kuwa mtu hukumbuka sauti kwa wepesi kuliko anavyokumbuka kimya. Msomaji huhesabu mapigo kwenye karatasi mpaka zamu yake ifike. Anayetegemea sikio hungoja neno la mwigizaji, mlio wa ala ya jirani, au mguu wa mchezaji unapokanyaga ubao. Kwa hiyo macho yake huwa huru kulitazama jukwaa. Mpiga ngoma wa shimoni, ambaye kazi yake ni kuufumania mguu wa mchezaji papo hapo, hupata faida kubwa kwa uhuru huo.

Hadi hapa tungeweza kusema kwamba hizi ni mbinu mbili tu za kufanya kazi moja. Lakini ipo tofauti nyingine, nayo ni ya kiuchumi. Karatasi humfanya mpiga ala aweze kubadilishwa. Akiugua leo, mwingine huketi mahali pake na kuisoma sehemu yake. Muziki uliohifadhiwa moyoni haukubali jambo hilo. Mwenye nao akiondoka, huondoka nao. Kwa upande mmoja hali hiyo humpa mpiga ala nguvu. Kwa upande wa pili humnyima ushahidi, kwa maana hakuna kinachobaki baada yake cha kuonyesha kwamba alichokipiga kilikuwa chake. Tutaona hapa chini jinsi pande hizi mbili zilivyowakuta watu halisi.

Clef Club na mzizi wa dhana ya kipawa

Mnamo mwaka 1910, James Reese Europe aliongoza kuundwa kwa Clef Club, chama cha wapiga muziki Weusi wa New York ambacho kilikuwa pia wakala wa kuwatafutia kazi. Tarehe 2 Mei 1912, okestra ya chama hicho, yenye wapiga ala zaidi ya mia moja, ilitumbuiza katika ukumbi wa Carnegie Hall. Mandolini, banjo na gita zilichukua nafasi kubwa kuliko ilivyozoeleka katika okestra za Ulaya, na piano kadhaa zilipangwa jukwaani. Natalie Curtis, mkusanyaji wa nyimbo za jadi aliyeshiriki katika matayarisho ya tamasha hilo, aliandika baadaye kwamba wengi wa wapiga ala hao walikuwa na kazi nyingine za mchana, na kwamba wachache tu ndio waliosoma nota. Waliobaki walizishika sehemu zao kwa sikio katika mazoezi.

Tamasha hilo lilikuwa na kinaya chake. Fedha zilizokusanywa zilikwenda kuisaidia shule ya muziki ya watoto Weusi huko Harlem, yaani mahali ambapo watoto wangefundishwa kusoma kile ambacho wengi wa wafadhili wao jukwaani hawakukisoma. Watu hao hawakuona fahari katika kutosoma. Walikuwa na hamu ya karatasi, na waliitaka kwa ajili ya watoto wao.

Wateja wao matajiri waliona mambo kwa namna nyingine. Europe na wenzake walialikwa katika majumba ya Wazungu wenye mali, na huko walikuta imani iliyokwisha kukomaa: kwamba Mweusi hupiga muziki kwa kuzaliwa nao, kama ndege alivyozaliwa na mlio wake. Eubie Blake, mpiga piano kutoka Baltimore aliyefanya kazi na Europe, alisimulia uzeeni mwake jinsi walivyojifunza nyimbo mpya za maonyesho kutoka kwenye karatasi, kisha wakaenda kuzipiga kwa wateja bila karatasi yoyote. Mteja akiomba wimbo mpya, walijifanya wanaufikiria kidogo, kisha wakaupiga kana kwamba masikio yao yameuokota njiani. Wateja walistaajabu, na kustaajabu kwao ndiko kulikoleta mwaliko mwingine.

Ni muhimu kutambua kilichotokea hapa. Kutosoma, ambako kwa baadhi yao kulikuwa ni upungufu halisi uliotokana na kunyimwa shule, kuligeuzwa kuwa bidhaa. Na bidhaa ikishapata soko, hata asiyekuwa nayo hulazimika kuitengeneza.

Shuffle Along, 1921

Onyesho la Shuffle Along lilifunguliwa tarehe 23 Mei 1921 katika ukumbi wa mtaa wa 63, mbali kidogo na kitovu cha maonyesho ya Broadway. Muziki ulitungwa na Blake, maneno ya nyimbo na Noble Sissle, na mazungumzo na Flournoy Miller na Aubrey Lyles. Wote wanne walikuwa Weusi. Ukumbi wenyewe haukujengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya muziki. Jukwaa lilipaswa kupanuliwa, na baadhi ya viti vya mbele viliondolewa ili okestra ipate pa kukaa. Kwa hiyo hata shimo lenyewe lilikuwa la kubuni. Onyesho lilichezwa zaidi ya mara 480 mjini humo kabla ya kwenda miji mingine, na ufanisi wake uliwafungulia njia wasanii Weusi wa muongo ule.

Waliokaa katika shimo hilo hawakuwa watu wa kubahatisha. Kwenye obo, ala ya jamii ya zumari, alikuwapo William Grant Still, aliyekuwa amesoma Wilberforce na Oberlin, na ambaye simfonia yake iitwayo Afro-American Symphony ingepigwa mara ya kwanza na okestra ya Rochester mwaka 1931. Kwenye viola alikuwapo Hall Johnson, ambaye baadaye angeanzisha kwaya mashuhuri yenye jina lake. Mipango ya okestra iliandikwa na Will Vodery, mmoja wa wapangaji muziki hodari wa Broadway, ambaye aliwahi kuyaandalia muziki maonyesho makubwa ya Ziegfeld. Kwa ufupi, karatasi zilikuwapo, ziliandikwa na mkono wa Mweusi, na ziliwekwa mbele ya watu waliozisoma bila tabu.

Hata hivyo, kwa mujibu wa Blake, okestra hiyo iliuhifadhi muziki wote moyoni na kuupiga bila karatasi. Sababu aliyoitoa haikuwa ya kisanaa. Alieleza kwamba ndivyo ilivyotarajiwa kwao. Hadhira ya Wazungu haikuamini kwamba Weusi wangeweza kusoma nota, na ilipenda kuufikiria ustadi wao kuwa ni kipawa tu cha kuzaliwa. Wapiga ala walikubali kuitimiza picha hiyo.

Tukio hili halieleweki vyema mpaka liwekwe pamoja na lililokuwa likitendeka jukwaani. Miller na Lyles waliigiza wakiwa wamejipaka masizi usoni, kama walivyofanya wachekeshaji wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa waliojigeuza Weusi ili kuwadhihaki. Mweusi aliyejipaka weusi alikuwa anacheza picha yake iliyochorwa na mwingine. Tunadai kwamba ukosefu wa karatasi shimoni ulikuwa ni masizi ya aina hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba masizi ya jukwaani yalionekana kuwa masizi, na kila mtazamaji alijua kwamba chini yake kuna uso. Barakoa ya shimoni ilikuwa ya hatari zaidi kwa sababu haikujulikana kuwa ni barakoa. Mtazamaji alirudi nyumbani akiamini ameona asili, ilhali alikuwa ameona mazoezi ya majuma mengi.

Na mazoezi hayo yalikuwa magumu maradufu. Anayesoma hujifunza sehemu yake akaiacha kwenye karatasi. Asiyesoma hujifunza kwa sikio akaibeba moyoni. Wapiga ala wa Shuffle Along walifanya yote mawili: walisoma, kisha wakahifadhi, kisha wakaficha kwamba walisoma. Kila mabadiliko ya nyimbo au ya waimbaji yaliwadai kazi hiyo upya. Itakumbukwa kwamba katika mwaka huo huo wa 1921 Florence Mills alichukua nafasi ya Gertrude Saunders. Okestra yenye karatasi hulipokea badiliko kama hilo kwa kuandika alama mbili tatu pembeni. Okestra iliyoficha karatasi yake hupaswa kusahau na kukumbuka upya.

Kuna kisa kimoja cha usiku wa kwanza ambacho Sissle alipenda kukisimulia. Onyesho lilikuwa na wimbo wa mapenzi ya dhati kati ya mwanamume na mwanamke Weusi, jambo ambalo hadhira za Wazungu zilikuwa hazijazoea kuliona bila kejeli. Watunzi walihofia fujo. Sissle, Miller na Lyles walisimama karibu na mlango wa nje, tayari kukimbia. Blake hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu alikuwa shimoni akiiongoza okestra kwa piano, na kipara chake kikionekana na ukumbi mzima. Wimbo ukapokewa kwa shangwe. Kisa kinachekesha, lakini kinatukumbusha pia nafasi ya mpiga ala wa shimoni: yuko chini ya jukwaa, mbele kabisa ya hadhira, na ndiye wa mwisho kuweza kutoka.

Upande wa pili wa mji

Miezi minne baada ya Shuffle Along kufunguliwa, tarehe 22 Septemba 1921, ukumbi mpya uliitwao Music Box ulifungua milango yake katika mtaa wa 45. Ulijengwa kwa ajili ya nyimbo za mtu mmoja, Irving Berlin, ambaye alikuwa pia mmoja wa wamiliki wake. Berlin alizaliwa mwaka 1888, akafika Marekani akiwa mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Urusi, akaanza kuimba kwa vijisenti mitaani na mikahawani. Wimbo wake Alexander's Ragtime Band wa mwaka 1911 ulimpa umaarufu. Mwaka 1919 alikwisha kuwa na kampuni yake ya kuchapisha nyimbo.

Berlin hakusoma wala kuandika nota. Alipiga piano kwa sikio, akipendelea sana vipande vyeusi, na alitumia piano maalumu yenye wenzo wa kuhamisha sauti ili vidole vyake visilazimike kuhama. Nyimbo zake aliziimba au kuzipiga mbele ya katibu wa muziki, na katibu huyo ndiye aliyeziandika. Jambo hili halikuwa siri, wala halikumpunguzia heshima. Lilisimuliwa kama sehemu ya utukufu wake: maskini asiyesoma nota aliyewapita wasomi.

Tuyaweke basi mambo haya mawili pamoja, kwa kuwa ni ya mji mmoja na mwaka mmoja. Katika ukumbi mmoja, watu waliosoma walijifanya hawasomi ili waaminiwe. Katika ukumbi mwingine, mtu asiyesoma alikuwa mwenye nyimbo, mwenye kampuni, na mshirika katika umiliki wa jengo. Ingekuwa kusoma nota ni kipimo cha ustadi, hali hizi mbili zisingeweza kuwapo pamoja. Ziliweza kuwapo kwa sababu Berlin alikuwa na karatasi ingawa hakuisoma. Katibu aliiandika, kampuni iliichapisha, na sheria ya hakimiliki ililitambua jina lililokuwa juu yake. Still na Johnson waliisoma karatasi ingawa hawakuruhusiwa kuonekana nayo.

Blake mwenyewe alizijua pande zote mbili. Alidai kwamba alitunga kipande chake cha piano kiitwacho Charleston Rag mwaka 1899, lakini hakikuandikwa hadi miaka mingi baadaye kwa sababu wakati huo hakujua kuandika nota. Dai hili linahitaji tahadhari. Blake alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa mwaka 1883, ilhali hati rasmi zinaonyesha mwaka 1887. Kwa hesabu hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili alipotunga kipande hicho. Inawezekana, lakini hakuna karatasi ya kuthibitisha, na ndiyo maana mjadala hauishi. Mtu huyu huyu, baada ya kufikia umri ambao wengi hustaafu, aliingia Chuo Kikuu cha New York kusomea utunzi na akahitimu mwaka 1950. Hiyo si tabia ya mtu aliyeamini kwamba kipawa kinatosha.

Shimo kama chuo

Isidhaniwe kwamba kila asiyesoma aliyeingia shimoni alikuwa ama tajiri ama mwenye kujifanya. Walikuwapo wasiojua kweli, na habari zao zinaonyesha jinsi shimo lilivyoweza kuwa mahali pa kufundishana.

Louis Armstrong alitoka New Orleans akisoma nota kwa kubahatisha. Kati ya mwaka 1919 na 1921 alifanya kazi katika meli za starehe za mto Mississippi chini ya Fate Marable, na huko mpiga ala mwenzake, David Jones, alimfundisha kusoma wakati wa mapumziko. Alipojiunga na okestra ya Fletcher Henderson mwaka 1924 bado hakuwa amezizoea alama zote. Inasimuliwa kwamba katika mazoezi alipiga kwa nguvu mahali palipoandikwa alama ya kupiga kwa sauti ya chini kabisa, na alipoulizwa akaitolea alama hiyo tafsiri yake ya mzaha, kwamba maana yake ni kutwanga sana. Mwishoni mwa mwaka 1925 alikuwa shimoni katika ukumbi wa Vendome, Chicago, na okestra ya Erskine Tate, akisindikiza filamu zisizo na sauti na kupiga vipande vya opera. Mwaka 1929, katika onyesho la Hot Chocolates mjini New York, aliimba Ain't Misbehavin' akiwa shimoni, na wimbo ukapendwa hata akapandishwa jukwaani. Kwa Armstrong, kusoma hakukuua sikio. Kulikuwa ni tiketi ya kuingia mahali ambapo sikio lake lingesikika.

Kisa cha pili ni cha mpiga ngoma Gene Krupa, kijana Mzungu wa Chicago. Mwaka 1930 alipiga ngoma katika okestra ya Red Nichols iliyokaa shimoni katika maonyesho ya George Gershwin. Krupa alikiri baadaye kwamba wakati huo hakuweza kutofautisha nota moja na nyingine. Aliyemwokoa ni mpiga tromboni, Glenn Miller, ambaye katika mazoezi alimwimbia sehemu zake kwa mdomo mpaka akazishika. Yeyote aliyewahi kukaa katika kwaya zetu za makanisani ataitambua mbinu hii mara moja: jirani anayesoma solfa humnong'onezea asiyesoma, na siku ya kuimba hakuna awezaye kuwatofautisha.

Krupa alisaidiwa na hakuna aliyeukodolea macho upungufu wake. Hakuna aliyesema kwamba Wazungu wa Chicago huzaliwa wakijua kupiga ngoma. Kutosoma kwake kulikuwa ni jambo lake binafsi, la kurekebishwa kwa msaada wa mwenzake. Kutosoma kwa Mweusi, kuwe kwa kweli au kwa kujifanya, kulichukuliwa kuwa ni habari ya taifa zima.

Nani mwenye wimbo?

Gharama ya barakoa ya shimoni haikuishia kwenye heshima. Wapiga ala wa Shuffle Along walipokuwa wamekwisha kuushika muziki, walianza kuuongezea vijipambo, kama afanyavyo kila fanani anayerudia tungo moja usiku baada ya usiku. Still alikumbuka kwamba yeye pia alifanya hivyo. Alikumbuka pia kwamba Gershwin alikuwa miongoni mwa waliokuja kulitazama onyesho. Mwaka 1930 Gershwin alitoa wimbo I Got Rhythm katika onyesho la Girl Crazy. Mwaka huo huo Still aliiandika simfonia yake, na katika sehemu yake ya tatu mna nota chache zinazofanana na mwanzo wa wimbo huo. Still aliamini kwamba nota hizo alikuwa akizibuni shimoni tangu mwaka 1921, na kwamba huenda Gershwin alizisikia huko.

Hatukusudii kuihukumu kesi hii. Nota zenyewe ni nne tu, na watunzi wawili wanaweza kuzifikia kila mmoja kwa njia yake. Tunachosisitiza ni kwamba kesi hiyo haiwezi kuhukumiwa. Kilichopigwa shimoni hakikuandikwa. Aliyekuwa na elimu ya kukiandika alikuwa amewekwa mahali ambapo kuandika hakukutarajiwa kwake. Kazi iliyopewa jina la kipawa cha asili huonekana kuwa haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huokotwa.

Mafunzo kwa uhakiki wa fasihi simulizi

Historia hii inayahusu moja kwa moja mabishano ya taaluma yetu. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alishikilia kwamba utunzi wa kisimulizi na utunzi wa kimaandishi ni mbinu mbili zisizoweza kukaa pamoja katika fanani mmoja. Walter Ong (1982) alikwenda mbali zaidi akadai kwamba kuandika huigeuza fikra yenyewe ya mwanadamu. Ruth Finnegan, ambaye katika Oral Literature in Africa (1970) aliitilia shaka tanzu ya utendi barani Afrika, jambo lililojibiwa na Okpewho (1979), alikuja kuonyesha katika The Hidden Musicians (1989) kwamba hata katika mji wa kisasa wa Uingereza kuna wanaojifunza muziki kwa karatasi na wanaojifunza kwa sikio, na kwamba hakuna kundi lililo nyuma ya lingine.

Wapiga ala wa mwaka 1921 wanaleta ugumu kwa Lord na kwa Ong kwa pamoja. Walikuwa na fikra ya maandishi na utendaji wa kisimulizi kwa wakati mmoja, wakisoma alasiri na kupiga kwa kumbukumbu usiku, huku wakibuni mambo mapya katikati. Lakini wanamwongezea hata Finnegan neno moja. Kusema kwamba njia hizi mbili zina hadhi sawa ni kweli kwa upande wa sanaa. Kwa upande wa malipo na umiliki si kweli, na mhakiki asiyelisema hilo huwa ameielezea nusu ya hali.

Sisi wa pwani na bara ya Afrika ya Mashariki hatupaswi kulishangaa jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yaliishi katika jamii iliyojua kuandika kwa hati za Kiarabu, na bado sehemu kubwa yake ilibebwa katika vichwa vya watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi aliyeyakusanya na kumsaidia W. E. Taylor kuyahifadhi kabla ya mwisho wa karne hiyo, hakuyakumbuka kwa kuwa hakujua kusoma. Aliyakumbuka kwa kuwa alithamini. Diwani iliyotokana na kazi hiyo ilitolewa na William Hichens mwaka 1940, na kwa miaka mingi jina la Sikujua lilitajwa kwa sauti ndogo kuliko majina ya waliochapisha. Hapa pia swali si nani aliyesoma. Ni nani aliyeishika karatasi ilipofika kwa mpiga chapa.

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza kuivunja idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi, waliipa fasihi simulizi nafasi ya msingi katika mtaala. Ushindi huo ulikuwa mkubwa. Lakini una mtego wake, nao ni ule ule wa New York. Tunapomsifu fanani kwa kuwa "hakusoma", tunapoieleza sanaa yake kuwa imetoka "katika damu", tunaweza kuwa tunamvua karatasi aliyokuwa nayo, au tunamfungia mlango wa karatasi anayoitaka. Tunaweza pia kuwa tunauficha muda wa miaka mingi aliokaa chini ya mwalimu wake akikosolewa na kurudia. Sikio nalo lina shule yake, na shule hiyo ina ada.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mpiga ala asiyesoma nota shimoni si mtu wa aina moja. Wengi wa wana Clef Club hawakusoma, nao walikusanya fedha ili watoto wasome. Still na Johnson walisoma, nao waliuficha usomi wao ili okestra iaminike. Berlin hakusoma, na hakuhitaji kusoma. Krupa hakusoma, akaimbiwa na mwenzake. Armstrong alijifunza njiani. Ukiwauliza wote swali la kama walijua kusoma, majibu hayatakwambia lolote kuhusu ustadi wao wala kuhusu hatima yao. Ukiwauliza karatasi ya muziki wao ilikuwa mikononi mwa nani, majibu yatakwambia karibu kila kitu.

Mnamo Aprili 2016 onyesho jipya la George C. Wolfe kuhusu kutungwa kwa Shuffle Along lilifunguliwa Broadway. Ukumbi uliolipokea ulikuwa Music Box, ule ule uliojengwa kwa ajili ya nyimbo za Berlin mwaka 1921. Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, toleo la kitaaluma la onyesho la asili, pamoja na muziki wake, lilichapishwa nchini Marekani. Karatasi ambazo wapiga ala walizihifadhi moyoni ili zisionekane zimekuwa kitabu kinachoweza kuwekwa mbele ya mwanafunzi yeyote. Vijipambo walivyovibuni shimoni usiku baada ya usiku havimo katika kitabu hicho, wala haviwezi kurudi.

Kwa hiyo mhakiki wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani na daftari yake anapaswa kuandika majina ya wenye tungo kabla ya kuandika tungo zenyewe, na kuuliza walifundishwa na nani, kwa muda gani, na kwa malipo gani. Na akiambiwa kwamba fanani huyu hajui kusoma, aulize pia ni nani aliyesema hivyo, na kwa faida ya nani.